Elias, Kaseti Zako Zimeshika Ukungu

Ni mwaka mmoja sasa, Elias mwanangu, na mke wako ameniambia mbele ya watu kwamba nimekuzika mara mbili. Mara ya kwanza ulichukuliwa na presha, na mimi sikuwa na la kufanya. Mara ya pili, anasema, nimekuzika kwa mikono yangu, chini ya kitanda changu hapa Yoba.

"Nilikuomba mara tatu, Mama," Adventina alisema. "Nikakwambia zinataka kuzungushwa kila mwezi, Elias alikuwa anazizungusha. Ukanijibu mwaka ni mwaka."

Nilimjibu hivyo. Sikatai.

Mdogo wako Fabiano alikuwa amekuja asubuhi kutoka Muyinga ili tupange kuganduka, maana Jumamosi hii tunatoka kwenye matanga yako. Alipewa lifti na Chabani, rafiki yako muuza maharagwe, yule mliyekuwa mkirekodiana nyimbo za filamu za Kihindi miaka kumi na sita. Chabani hakuomba kitu kikubwa. Aliomba kaseti yako moja, ipigwe Jumamosi baada ya misa, watu wakishakula. Nikavuta sanduku lako la bati, nikalifungua. Harufu ilitangulia. Kaseti mia moja themanini na sita, na ukungu mweupe juu yake kama unga wa muhogo. Tuliweka moja kwenye redio. Ikaimba kidogo, sauti ikazama, utepe ukajikunja ndani na kukatika.

Hapo ndipo Adventina aliponiambia hayo.

Wewe unajua kwa nini nilifanya vile. Kwetu mtu akifa, nyumba yake haipigi muziki mpaka kuganduka. Siku ya nne baada ya mazishi nilifika kwako Magarama, nikalichukua sanduku, kwa sababu nilimjua Adventina: angepiga wimbo mmoja kwa sauti ya chini, halafu wa pili, na majirani wangesema mama yake Elias, mwalimu mwenye diploma, anaacha nyumba ya marehemu icheze. Nilidhani nakuheshimu. Sanduku likakaa kwenye sakafu ya simenti mvua zote za mwaka. Nilikuwa nafagia kulizunguka.

Ulikuwa fundi cherehani, na fundi mzuri. Sare za shule ulizishona ukiacha upindo mrefu kwa ndani, ili mtoto akirefuka mzazi afumue tu, asinunue nyingine. Mafundi wenzako walikuambia unajiua njaa. Ukawajibu kwamba mtoto hakukosa adabu kwa kurefuka. Hata sasa nikipita njiani nawaona watoto wa Gishubi na wa Magarama, alama ya upindo wako wa kwanza bado inaonekana kwenye sketi zao.

Ulikuwa unaimba ukishona, maneno ya Kihindi usiyoyajua hata moja. Wateja walikuita Muhindi wa Magarama. Ukikosea kukata kitambaa ulisema ni makosa ya mwimbaji.

Mapenzi hayo yalianzia Ulyankulu, tulipokuwa wakimbizi. Kulikuwa na kibanda cha video karibu na mashine ya kusaga, na mimi nilikukataza kuingia. Ulinitii. Hukuingia. Ulisimama nje, sikio kwenye ukuta wa udongo, ukasikiliza filamu nzima bila kuona uso wa mtu. Nilikukuta huko nikakuchapa, kwa sababu nilikuwa sijataja kusimama nje lakini wewe ulijua nilichomaanisha. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Baadaye, ukiwa mtu mzima, uliniambia kwamba nyimbo ulizisikia vizuri zaidi kupitia ukuta. Nilikuambia upunguze sauti.

Niliyokuambia mara nyingi zaidi kuliko yote ni hayo: punguza sauti.

Fabiano alisema tuzichome. "Wacha, Mama. Hata mwenyewe hakujua wanaimba nini."

"We Fabiano, hapo umesema kweli lakini hujasema yote," Chabani alimwambia. "Mi nilitumika dukani kwa Muhindi kule Bujumbura miaka saba, nasikia lugha yao kidogo. Nilitaka kumfasiria. Akakatalia. Akasema, usinielezee Chabani, nitaanza kukusikia wewe pahali pa yule mama anaimba."

Adventina alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeshika kaseti na kitambaa cha jikoni, nafuta ukungu, na kadiri nilivyofuta ndivyo nilivyousukuma ndani kwenye utepe. Chabani alininyang'anya taratibu.

"Mama Elias, hapana. Si sahani hii."

Akatueleza. Inafunguliwa skrubu, utepe unatolewa wote, unafutwa kwa pamba na spiriti, kipande kwa kipande, mbele na nyuma, halafu unarudishwa kwa mkono. Kaseti moja inakula siku nzima. Na wakati unahangaika na hiyo moja, zingine zinaendelea kuoza. Alisema akifaulu sana atapata thelathini, labda arobaini. Nyingine haziponi.

"Bon," akasema, "unipe zile alipenda sana, nianze na hizo. Iko wapi ya kwanza?"

Akaniuliza mimi. Mimi ndiye mama.

Elias, sikuijua. Nilifundisha miaka thelathini na moja, sijawahi kusimama mbele ya swali nikiwa mtupu namna ile. Nilitafuta kwenye majalada, kwa sababu ulikuwa unaandika kila kaseti kwa kalamu nyekundu. Nikasoma moja baada ya nyingine. "Nzuri." "Nzuri sana." "Hii pia." "Kuliko ya jana." "Usifute." Mia moja themanini na sita, na hakuna jina la wimbo wala la mwimbaji. Nilikuwa nimekuambia uandike majina na mwaka, kama mtu aliyesoma. Ukasema, "Mama, mimi nazijua."

"We Adventina, unazijua?" Chabani akamuuliza.

"Nazijua zikilia. Zikinyamaza hivi zote ni sawa."

Basi tulikaa wanne, tumelizunguka sanduku, na hakuna aliyeweza kuchagua. Nje mvua ya Aprili ilikuwa imeanza tena.

Chabani alisema kama ni hivyo azichukue zote aende nazo Muyinga mchana uleule, aanze na yoyote itakayokuja mkononi. Fabiano akasimama. Alisema vitu vya marehemu havitoki kwenye familia kabla ya kuganduka, mpaka ndugu wote wamekaa na kila kitu kimetajwa mwenyewe wake. Alisema baba zake wadogo watauliza, na yeye atawajibu nini.

"Ni siku tano tu," alisema. "Mama, si wewe uliyetufundisha? Mwaka ni mwaka."

Alikuwa sahihi. Ni mimi niliyemfundisha. Adventina alikuwa ameshachoka kuniomba. Niliwatazama, nikalitazama sanduku, na kwa kweli sikuona njia isiyokuwa na hasara. Nikingoja, zinaoza kwa heshima. Zikienda, nimevunja matanga ya mwanangu siku tano kabla, na labda zitaoza vilevile.

"Zinaenda leo," nilisema. "Wazee wakiuliza, waje waniulize mimi."

Fabiano akafungua kinywa. Nikamwambia akashike mwavuli.

Halafu nikainama kwenye mshikio wa sanduku. "Adventina, shika upande wa pili. Utaenda nazo. Ukikaa na Chabani, zikianza kulia utamwambia ni zipi."

Tulilitoa sisi wawili, tukalipandisha njia yote ya matope mpaka kwenye pikapu ya Chabani, mchana, majirani wa Yoba wakiwa milangoni wanatazama. Fabiano alitufuata na mwavuli, akiliziba sanduku, sisi tukilowa. Tuliliweka mbele, kati ya kiti na miguu ya mke wako. Gari likaondoka kwenda Muyinga.

Misa yako ni Jumamosi saa nne asubuhi, Magarama. Aliyewahi kurekodiwa kaseti na Elias, nayo bado inalia, tunaomba aje nayo.

Unakumbukwa na mama yako Theodosia, mkeo Adventina, binti yako Vumilia, mdogo wako Fabiano na jamaa yake Muyinga, rafiki yako Chabani, na wote uliowaachia upindo.

Zilie, zisilie, hatutakusahau.