Viazi Vilivyokataliwa na Lori

Lukozi, Lushoto
14 Agosti 2001

Dada Zakia,

Shikamoo. Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mbuzi wako kazaa mapacha.

Unajua tangu biashara iwe ruksa malori yanafika mpaka shambani. Karoti zote zinapanda gari, nyumbani tunabaki na ugali na maharage. Basi bwana shamba alipotuletea marando ya viazi vitamu vipya, vyenye rangi ya karoti ndani, nami nikayapanda, na mavuno yakajaza magunia. Alisema wataalamu walichagua mbegu miaka mingi hadi kupata hii yenye lishe ya macho. Nilimcheka. Wachuuzi wakakata kimoja, wakaona rangi ile, wakavikataa vyote. Tukala wenyewe, asubuhi na jioni.

Dada, kuna jambo sikukuandikia. Mwanao Tatu alikuwa haoni kitu kila jua linapozama. Alipapasa ukuta, akamwaga maji, nami nikamchapa nikidhani ni uzembe. Nisamehe.

Wiki ya tatu ya viazi, baada ya adhana ya magharibi, akaniambia, "Mama mdogo, kuku mmoja hajaingia bandani." Nikatazama, mimi sikumwona. Yeye akaenda moja kwa moja hadi migombani, akarudi naye kwapani. Subhanallah, kiazi tu!

Utazame vizuri mwandiko wa bahasha. Ni wa Tatu. Ameandika mlangoni, jua limeshazama, na taa sikuwasha.

Mdogo wako,
Sharifa