Gari la Mashindano Lisilopita Getini

Iftin, Garissa
Tarehe 8 Machi, 2025

Mpendwa mwanangu Murithi,

Pokea salamu kutoka kwenye joto hili ambalo wewe umeshalisahau. U hali gani huko? Mkeo Wanji anaendeleaje na mgongo wake? Na watoto, bado wanachaguachagua chakula? Mimi ni mzima. Goti linaniuma nikiinuka, nikishasimama linanyamaza. Macho bado yanaona mstari, ndiyo maana nakuandikia mwenyewe. Madarasa matatu niliyosoma yanatosha kumgombeza mtoto niliyemzaa.

Naandika kwa Kiswahili ili Wanji naye asome, asije akadhani namteta kwa Kimeru. Na naandika barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Unanisalimia kama mtu anayepita njiani, halafu unasema, mama hebu nipe Silas, na mkishaanza mambo ya kabureta simu inarudi kwangu imeisha chaji. Karatasi huwezi kuikatiza. Soma mpaka mwisho.

Mvua bado. Maji tunaletewa na mkokoteni wa punda kama zamani. Ebla jirani yetu amepata mjukuu wa kike, wamemwita Idil. Nilikwenda kumwona, nikanyweshwa chai ya maziwa ya ngamia hadi nikashindwa kusimama. Usiniulize tena nitarudi Meru lini. Watu hawa walinisaidia kumzika baba yako, wakanisaidia kumzika dada yako. Hapa ndipo kwangu.

Sasa lile gari.

Nakukumbusha, maana aliye mbali husahau. Mustang hii aliiacha yule Mmarekani wa kuchimba visima, mkataba wake ulipokwisha akapanda ndege. Baba yako alikuwa fundi wa magreda ya serikali, akaikubali kwa heshima tu. Hakuwahi kuiendesha, usukani uko kushoto na vipuri havikuwepo. Ilikaa chini ya mwarobaini, kuku wakataga kwenye viti, na hakuna aliyekosa raha. Ni wewe uliyeona huko ughaibuni kwamba watu wanaiabudu, ukampigia Silas, mtoto wa dada yako, ukamwambia aifufue.

Ameifufua. Kwa kazi hiyo simwonei haya mtu yeyote. Bodi iliyooza ameikata na kuichomelea vipande vipya, wala huoni mahali palipoungwa. Injini aliishusha kwa mnyororo kutoka tawi la mwarobaini, akaifungua, kila nati akaiosha kwa petroli kwenye sufuria yangu ya ugali. Sufuria hiyo usiniulize. Siku ilipowaka, mbuzi wa Ebla waliruka ua.

Ingeishia hapo ningekushukuru. Lakini ilipokuwa tayari kwa barabara, ukaona video gani sijui, ukasema sasa iwe ya mashindano pia. Silas akaifungua tena. Viti vya nyuma vikatolewa, ndani kukajengwa tundu la vyuma ili dereva asipondeke gari likipinduka. Ukatuma springi ngumu. Ukatuma magurudumu mapana kama matoroli, madigadi yanayoyafunika ikabidi yakatwe na kupanuliwa. Kila Silas akifunga bolti ya mwisho, wewe una sanduku lingine njiani.

Na hapo ndipo tulipofungiwa, mwanangu.

Ulipotujengea ukuta wa mawe, ulisema ni kwa usalama, na asante. Lakini wakati ule gari lilikuwa mifupa chini ya turubai. Awil mwashi alimuuliza Silas geti liwe pana kiasi gani, na Silas, kichwa chake kikiwa ndani ya giaboksi, akamwambia apime mkokoteni wa maji, kwani ndicho kitu kikubwa kinachoingia hapa. Awil akampima punda na mkokoteni wake, akaweka nguzo za zege na nondo. Likiwa gari la barabara tu lingepita kwa kubana pumzi. Kwa madigadi yako mapya, halipiti hata ukilipaka mafuta.

Kwa hiyo gari lako la mashindano linashindana na mimi. Kila asubuhi Silas analiwasha ili injini isilale, analipeleka mbele mpaka mlango wa jiko, analirudisha nyuma mpaka chooni. Ndiyo safari yake. Naanika nguo nikitembea kiubavu kama kaa. Boneti ya zamani iko nyuma ya kabati langu, na usingizi wangu unanuka thina ya kuyeyushia rangi. Ebla ananichungulia juu ya ukuta kila siku na kuniuliza, abaayo, dada yangu, leo mnasafiri kwenda wapi, na kama tukifika chooni salama nimpelekee salamu.

Nacheka naye. Halafu namtazama Silas na kicheko kinaniisha.

Murithi, huyu si kijana tena. Ndevu zake zina mvi mbili, nimeziona. Yuko Caro, mwalimu wa hapa mjini, mtu wa Embu, msichana asiye na maneno mengi na anayejua kupika. Wanapendana, na wazazi wake wanamjua Silas. Sasa Caro amepata uhamisho kwenda Isiolo. Hakukaa bure. Amezunguka huko hadi akampatia Silas nafasi ya kufundisha umekanika kwenye chuo cha ufundi. Mkuu wa chuo ameona picha za hilo gari akasema huyo aje hata kesho, ila nafasi itamngoja mpaka shule zifungwe mwezi wa nne. Baada ya hapo watachukua mwingine. Na Caro naye ameniambia, kwa adabu lakini ameniambia, kwamba hawezi kuolewa na mtu aliyeposwa na gari.

Nilimuuliza Silas anangoja nini. Akasema mjomba bado hajamaliza. Nikasema kama tatizo ni gari, tulitoe, tumwachie Noordin mwenye malori alitunze kwenye yadi yake, wewe nenda. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwita Awil aje avunje nguzo za geti.

Awil alikuja na nyundo kubwa na mwanawe wa kumsaidia. Silas akatoka chini ya gari, mikono imejaa grisi, akaenda akasimama katikati ya geti. Hakugomba. Alisema tu zege liachwe, atatafuta njia ya kupunguza madigadi. Awil akanigeukia, akasema, "Mama, mimi nafunja ukuta, mtu siwezi funja," akaketi kivulini akaomba maji.

Nilimwendea Silas nikamwambia aache upuuzi, asogee. Mtoto huyo hajawahi kunibishia tangu mama yake afariki. Akaniangalia, akasema polepole:

"Nyanya, hapa ndani mimi ni fundi wa gari ambalo hakuna mwingine anaweza. Likitoka hapo nje, mimi nitakuwa nani?"

Nilimpa Awil maji yake, akaenda zake, na nguzo ziko palepale.

Nimefikiri tangu siku hiyo. Nilidhani wewe ndiye unayemzuia, nikawa nimekuandalia matusi ya kutosha. Wewe una kosa lako, lakini si wewe peke yako. Ameogopa. Amekaa na hilo gari hadi dunia yake imekuwa ya kutoka jikoni hadi chooni, na kila sanduku unalotuma linampa sababu ya kutotazama nje. Mimi nikimwambia gari limekwisha, haniamini, kwake mimi ni mwanamke wa sufuria. Caro akimwambia, anadhani ni wivu. Anayeweza kulimaliza ni yule aliyelianza.

Usitume kitu kingine. Hizo breki ulizosema umeagiza, zirudishe au uzitie kwenye gari lako la huko. Kisha umpigie simu kabla mwezi huu haujaisha, usimuulize habari ya kitu chochote kinachozunguka. Mwambie, Silas, gari limekwisha, umefanya kazi nzuri, nenda Isiolo. Hata kama moyoni unaona bado. Sikuombi ukweli, nakuomba umwachilie.

Akienda, nitabaki na hili dude na ukuta wako. Usinihurumie, nimekwishaishi na mambo magumu kuliko chuma. Nitafukuza kuku wasiingie ndani. Ukilitaka, njoo mwenyewe na nyundo.

Nisalimie Wanji na umwambie aukande huo mgongo kwa maji ya moto. Wasalimie watoto. Ebla anakusalimu, anasema bado anakukumbuka ukilia kwa kuogopa ngamia. Silas hakutumi salamu kwa sababu hajui naandika, na usimwambie. Mungu awatunze katika baridi hiyo na akulainishe moyo kabla ya kushika simu.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda na sijamaliza kukulea,

Zilpah