Wanaomwombea Dereva

Jumapili, 2 Machi

Leo nimefundisha watoto kanisani. Mimi! Mtu wa kufua mashuka ya hoteli. Mchungaji alinidaka mlangoni – mama, Mwalimu naona hajaja tena, tushikie darasa lake. Mwalimu ni mume wangu, siku za kazi ni fundi wa friji. Kafundisha darasa hilo miaka tisa. Tangu Januari Jumapili hatoki nyumbani. Dada mmoja wa kwaya amekuwa akiwakalisha watoto, wanachora tu, basi.

Watoto kumi na wanne. Kijitabu kimeandikwa: Kudumu Katika Imani, Jumapili nne. Nimesoma kama mtu anayesoma maelekezo ya sabuni. Wamenisikiliza kwa adabu, ile adabu ya kumwonea mtu huruma.

Mwisho wakasimama wenyewe, wakafumba macho. Ukutani kuna picha ya mdogo wake Mwalimu, shemeji yangu, ameegemea mlango wa lori. Wao wanamwita Dereva. Hawajawahi kumwona, aliishi mji wa mbali. Wakaanza kwa pamoja, kwa sauti: Mungu, mponye Dereva figo zake.

Dereva tulimzika tarehe nane Januari.

Nikasema amina.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza Mwalimu. Alikuwa uani na friji ya mteja, kaifungua mgongo. Nikasema, watoto bado wanamwombea ndugu yako. Bisibisi ikasimama.

– Hawajaambiwa?

– Nani awaambie?

Kanisa zima linajua. Wazazi walikuja kutupa pole, wakakaa kwenye makochi yetu. Kila mmoja alidhani mwenzake kawaambia watoto. Mimi nilidhani yeye. Yeye sijui alidhani nani.

Akasema, niliwaambia wasichoke. Niliwaambia wakishikilia tu… Akarudi kwenye friji yake.

Nilingoja nione kama nitalia. Sikulia. Nikaenda kuanua nguo.

Jumapili, 9 Machi

Somo la pili. Yule mjane aliyemsumbua hakimu mpaka hakimu akachoka, akampa haki yake. Nimelisimulia vizuri kuliko wiki jana. Hata mikono nilirusha.

Kuna msichana wa miaka tisa, wenzake wanamwita Bi Swali. Akanyoosha mkono. Mjane alikwenda mara ngapi? Haikuandikwa, nikamwambia. Sisi tumeenda mwaka mzima, akasema, labda yeye alikwenda zaidi.

Kisha Kibogoyo. Huyu ana miaka saba, meno ya mbele yote mawili hayapo. Akasema yeye hatii sukari kwenye chai tangu mwaka jana. Kwa nini? Kwa ajili ya Dereva. Mwalimu alisema ukimwomba Mungu jambo kubwa na wewe uache kitu. Mama yake hajui, anadhani mtoto hapendi vitamu!

Wakaomba. Nikasema amina tena. Hiyo ya pili. Mdomo unasema wenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Kazini. Pasi ya mvuke imenichoma kiganja, sikujua. Mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyepiga kelele – wewe, mkono! Nikautazama kama mkono wa mtu mwingine. Lengelenge kubwa. Bado natafuta maumivu.

Mchana nimempigia Mchungaji. Nimemwambia watoto waambiwe. Akasema polepole, mama. Kwanza masomo yote manne yaishe, imani ya mtoto ni kama yai. Nikamjibu, Mchungaji, yai lililokaa miezi miwili halifai kupasuliwa ndani ya nyumba. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nilimwambia Mwalimu: Jumapili nawaambia. Twende wote. Akasema, ukiwaambia watakuuliza. Nikasema najua. Akasema, na utawajibu nini? Nikampakulia chakula.

Jumapili, 16 Machi

Nimesema.

Sikuanza na somo. Liwalo na liwe. Nimewakalisha mduara, na mimi sakafuni. Nikasema: Dereva amefariki. Hakupona. Tulimzika tarehe nane mwezi wa kwanza. Ilipasa mwambiwe siku ile ile, hamkuambiwa. Sisi wakubwa tumekosa.

Niliandaa maneno mengine, ya mbinguni na ya kupumzika. Hayakutoka.

Bi Swali akahesabu kwa vidole. Jumapili tisa, akasema. Tumemwombea mtu aliyekufa Jumapili tisa. Halafu: Mwalimu alijua?

Alijua.

Msichana mkubwa akaanza kulia, wadogo wakafuata kwa kuwa yeye analia. Kibogoyo hakulia. Akauliza, kwa hiyo sasa natia sukari? Nikasema tia, mwanangu. Akafikiri. Na Mungu, alikuwa anasikia au hakuwa anasikia?

Nikasema nadhani alikuwa anasikia. Sijui kwa nini hakufanya. Kweli sijui. Naendelea kuja hivyo hivyo, bila kujua. Hilo nalo halikuwa kwenye kijitabu.

Hakuna aliyefumba macho leo. Bi Swali akapanda kwenye benchi, akabandua picha taratibu, pembe hadi pembe, isichanike. Akanikabidhi. Mpelekee ndugu yake, ni yake.

Jumanne, 18 Machi

Simu tangu asubuhi. Mama mmoja – mtoto wangu hataki kusali kabla ya kula, umemfanya nini? Mwingine alishukuru, kisha akaomba nisimwambie mtu kwamba kashukuru. Mchungaji amesema Jumapili ijayo atalishika darasa mwenyewe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Picha niliiweka mezani. Jioni Mwalimu akakaa mbele yake. Akauliza, walisema nini?

Nikamweleza yote kwa mpangilio, kama mtu anayesoma orodha ya mashuka. Vidole vya Bi Swali. Kilio. Nilipofika kwenye sukari akainuka, akaenda uani. Ile friji alishaitengeneza, mteja alikuwa aje kuichukua. Nikamsikia anaifungua upya.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika jikoni, nimesimama, haraka.

Hodi imepigwa saa kumi. Nikafungua – watoto tisa! Bila mkubwa hata mmoja. Bi Swali mbele, amevaa viatu vya kanisani. Shikamoo zikatoka tisa kwa mpigo. Tumekuja kumwona Mwalimu.

Nilishafungua mdomo niseme hayupo. Uongo mdogo, wa huruma. Lakini nyuma yangu bisibisi ilianguka kwenye saruji, wote wakaisikia. Akatokea mwenyewe, mikono ina grisi, ndevu za wiki. Kibogoyo akasema, Mwalimu, umekonda. Hakuna aliyecheka.

Wamekaa kwenye zulia. Yeye kwenye kochi, ukingoni, kama mgeni. Wamempa pole ya msiba, mmoja mmoja, kwa kumshika mkono na grisi yake. Wametangulia kutoa pole! Kisha Bi Swali akauliza. Sauti haikuwa kali. Mwalimu, kwa nini ulituacha tuendelee?

Nikaja huku kuchukua maji ya kuwapa. Kweli nimekimbia. Vikombe tisa viko kwenye sinia. Na kiganja, kile cha pasi, kinauma. Kinauma sana! Tangu lini?

Mlango uko nusu wazi. Naona mgongo wake. Hajajibu. Mabega yanapanda na kushuka. Mtoto mmoja kakohoa. Natamani niingie niseme basi watoto, Mwalimu amechoka, tutaonana kanisani. Ningewaokoa wote.

Sasa Kibogoyo: Sisi tunasubiri tu, Mwalimu. Tumezoea.

Kochi limelia. Anashuka. Anakaa chini kwenye zulia nao.

Nikibeba hili sinia vikombe vitagongana. Nimeliacha. Anasafisha koo –