Ukurasa wa Mama Filomena

Alhamisi, baada ya kisomo cha watu wazima

Kosa ni langu. Kijiji kizima tuna kitabu kimoja, na mimi ndiye niliyekichana ili kila nyumba ijifunze ukurasa wake, kisha Alhamisi tukutane kwenye ghala la korosho tukisome chote kwa zamu.

Leo ukurasa wa tisa haukuwepo. Mama Filomena alivuka mpaka pale Kilambo juzi, amerudi kwao Msumbiji kwa kuwa sasa wana uhuru, na ameondoka na ukurasa huo. Nilikasirika mbele ya watu. Nikasema mali ya kijiji haibebwi hivyo.

Jirani yake, Bi Somoe, akainuka. "Mwalimu, alikuwa anausoma kila jioni tukimenya mihogo. Ninao kichwani."

Akausema wote. Kila mwisho wa mstari alitua, hata kama sentensi haijaisha, kama mkulima aliyefika mwisho wa tuta. Ndivyo alivyosoma Mama Filomena. Alhamisi iliyopita nilimkatiza mara nne kwa hilo. Watu wakacheka, naye akakaa chini bila kumaliza.

Leo hakuna aliyecheka. Nilimwacha Bi Somoe atue kila mahali, mpaka akafika neno la mwisho.

Mama Filomena sikumwacha afike.