Habari ya Macho ya Kemilembe

Mkuyuni, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba Baba ameacha ubishi wa kupalilia shamba lote la kahawa peke yake. Mvua zimewafikia? Huku zimenyesha mpaka maji yakaingia barazani. Sisi hatujambo. Mkwe wako Projestus anaendelea na kazi, mimi niko na cherehani yangu pale sokoni. Senene ulizotuma zilifika. Tulizimaliza siku hiyo hiyo, tukabaki tunaangaliana.

Mama, Jumapili tulipoongea kwenye simu uliniambia, "Mmempofusha mjukuu wangu," kisha ukakata. Nilipiga tena hukupokea. Sikukasirika. Ila habari hii uliisikia vipande vipande, nami nataka uisikie tangu mwanzo, ndiyo maana naandika.

Unajua Kemi alivyokuwa anaongoza darasani. Alipoingia darasa la nne akaanza kushuka. Mwalimu alikuwa amemhamishia viti vya nyuma kwa sababu amerefuka, anawaziba wenzake. Tangu hapo ikawa kila mara tunaitwa shuleni: Kemi anaongea na jirani yake, Kemi hanakili kazi ubaoni, Kemi mvivu. Projestus akaona dawa ni kumbana. Akitoka shule anakwenda tuisheni mpaka jioni, Jumamosi pia. Akirudi ni madaftari mezani, na akimaliza anapewa simu ya baba yake aangalie katuni, maana nje hatukumruhusu. Bodaboda zinapita mlangoni kwetu kama nyuki. Dirisha la chumba chake linatazama ukuta wa jirani. Mtoto yule alikuwa anatazama nini kilicho mbali, Mama?

Tuligundua tukiwa Kigongo. Tulikuwa tunakwenda Sengerema kwenye harusi ya rafiki yake Projestus, wakati ule daraja bado halijafunguliwa. Yeye alitangulia, akawa anatusubiri kwenye kivuko. Nilipomwona nikamwambia Kemi, "Baba yako yule pale, mkimbilie." Akakimbia. Akampita baba yake, akaenda kumshika mkono mwanamume mwingine aliyevaa shati la bluu kama la Projestus.

"Shikamoo baba, tumefika," akamwambia.

Yule bwana akacheka. "Marahaba, mwanangu. Ila baba yako si mimi. Labda ni yule anayekuja mbio."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Projestus hakucheka. Alichuchumaa mbele ya mtoto akamuuliza, "Hukuniona?"

"Niliona shati."

"Na uso wangu?"

"Nyuso sizioni mpaka mtu afike karibu."

"Na ubaoni je?"

"Ubaoni naona weupe weupe tu. Ndiyo maana huwa namuuliza Anita kimeandikwa nini."

Alisema hivyo bila huzuni yoyote, kama mtu anayekuambia leo kuna mawingu. Alidhani na sisi tunaona vile vile. Harusini Projestus hakugusa chakula.

Tulimpeleka hospitali. Daktari wa macho, mama mmoja mpole, alimpima Kemi huku akimtuliza kwa maneno. Alipomaliza akatuambia, "Mtoto huyu si kipofu wala si mvivu. Anaona karibu, haoni mbali. Jicho lake limerefuka kupita kiasi, ndiyo maana vitu vya mbali vinamfikia vikiwa na ukungu."

Projestus akauliza, "Ni simu, daktari?"

"Wazazi wengi wanapenda niseme ni simu, waifungie kabatini, yaishe. Si simu peke yake. Kuna koo zenye macho ya namna hii. Halafu sisi tunawafungia watoto ndani, kutwa wanatazama kitabu, daftari na simu, mwanga wa nje hawaupati. Hayo yote yanachangia."

Nikamweleza kwamba wewe umesema miwani ni ya wazee, na itamharibia macho zaidi. Alitabasamu. Akasema miwani haiharibu wala haiponyi, inamsaidia kuona tu. Kucheza nje mchana hakutamrudishia Kemi alichopoteza, lakini tusimnyime. Na mdogo wake, Asimwe, tumtoe nje kwenye mwanga kila siku tangu sasa, maana huyo huenda bado tunaweza kumkinga.

Miwani tuliichukua dukani Mirongo. Kemi alipotoka mlangoni alisimama kama amekatazwa kupita. Akatazama mlimani. "Mama! Kumbe kule juu ya mawe kuna nyumba! Na kuna mtu anaanika mashuka!" Akaanza kusoma vibao vya maduka kwa sauti, kimoja baada ya kingine, watu wanageuka kumtazama. Projestus akatoa leso, akawa anajifuta jasho, na wala hakukuwa na joto.

Sitakuficha, hayakuwa mepesi. Shuleni walimwita Bibi, akawa anaificha miwani kwenye begi mpaka mwalimu alipomrudisha viti vya mbele na kuwakemea wenzake. Projestus alipomtoa tuisheni ya jioni, yule mwalimu wa tuisheni alimwambia, "Mtihani wa taifa huu hapa, nyie mnampeleka kucheza?" Projestus alirudi nyumbani amenyong'onyea. "Adventina, tukiwa tumekosea je?" Nikamwambia sijui. Na kweli sijui. Siku hizi Kemi na Asimwe wakitoka shule wanacheza rede uwanja wa kanisa, mimi nimehamishia vifungo na pindo zangu pale kivulini ili niwaangalie. Hisabati imepanda. Kiingereza bado kinachechemea.

Sasa nikuambie kinachonisumbua. Daktari alipotuuliza kama kwenye ukoo kuna mtu asiyeona mbali, nilijibu haraka kwamba hakuna. Wiki iliyofuata nilikuwa nashona sare za kwaya, mguu ukasimama wenyewe kwenye cherehani. Nilimkumbuka kaka Switbert. Unakumbuka wazee walivyomsema kwamba ana kiburi, anapishana nao barabarani wala haamkii? Mwalimu alivyokuwa anamchapa kwa kutosoma ubaoni, mpaka akaacha shule darasa la tano? Na wakati ule, Mama, hapakuwa na simu wala tuisheni. Kaka alishinda migombani na mbuzi, juani. Kwa hiyo mji usiulaumu peke yake, wala mkwe wako. Wala mimi simlaumu mtu wa nyumbani. Nani angejua?

Nisalimie Baba, mwambie kofia yake naishona. Nisalimie shangazi Paskazia, mpe pole ya miguu yake, na mama mkwe wa dada, yule aliyenifundisha kushona, na katekista wetu, mwambie mahindi yake ya kuchoma tunayatamani. Asimwe anakusalimu, ameng'oka jino. Kemi anasema, "Bibi asilie, mimi naona."

Sasa unisamehe, Mama, maneno ya mwisho ni ya huyo anayekusomea. Kaka Switbert, najua ni wewe, maana macho ya Mama hayawezi tena maandishi, na najua karatasi hii umeiweka karibu kabisa na pua. Shikamoo kaka. Hukuwa mvivu. Hukuwa na kiburi. Ulikuwa hutuoni, na hakuna aliyekuuliza. Migomba itakusubiri. Panda meli uje upimwe. Ukishuka bandarini usihangaike kumtafuta shemeji yako katika watu. Simama hapo hapo ulipo, yeye atakufuata.

Ni mimi binti yenu na mdogo wako,

Adventina