Paka Chini ya Tenga

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Sisi huku Mtongwe tu wazima, alhamdulillahi. Goti la mamako limepoa, na paka wangu kazaa tena.

Uliniuliza mbona siku hizi ukinipigia husikii ndege. Swali lako limenirudisha utotoni, uani kwetu, kwenye harufu ya asmini na sauti za kurumbiza. Makinda yao wakijifunza kuruka, walikuwa wakianguka chini. Basi kila alfajiri mamangu alimshika paka wake, akamfunika kwa tenga la kuku.

Jirani alichungulia, akacheka. "Watu hufunika vifaranga, wewe wafunika paka!"

"Huyu nitampa samaki," mama akajibu. "Wale wakiisha, nitaimbiwa na nani?"

Paka alilalama kidogo, kisha akasinzia. Nami nilijilaza mkekani, nikawasikia ndege kama walio ndani ya usingizi wangu.

Sasa paka wamejaa kutani, na ua umenyamaza. Lakini kurumbiza mmoja amejenga kiota kwenye mkomamanga wangu. Jana nimenunua tenga.

Nipigie kesho alfajiri, mwanangu. Tusiseme kitu, tusikilize tu.

Bibi yako,
Mwanaisha