Neno la Kwanza la Bonge

Dada yangu mpenzi, wewe uliyenibeba mgongoni kabla mimi sijambeba mtu,

Salamu zangu zikukute umekaa, umevua viatu, na miguu imeanza kukushukuru. Kifua chako je, kimepoa? Na yule paka mwizi, bado anakula hapo kama mpangaji aliyelipa kodi? Shemeji msalimie sana, mwambie hata huku ng'ambo sijasikia mtu anayekoroma kumshinda. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno. Bonge letu naye ni mzima, mashavu yamezidi. Na dada, ameanza kusema! Neno lake la kwanza amelitamka leo asubuhi hapa jikoni. Nitakuambia ni lipi, lakini niache nianze mwanzo, maana nikianza na hilo kalamu itakataa kuendelea. Mwandiko uuvumilie, unajua shule na mimi tuliachana mapema.

Baba Bonge alitupokea vizuri. Wewe unajua aliondoka mimi nikiwa mjamzito, kwa hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kumwona mwanawe. Alimnyanyua, akampandisha na kumshusha mikononi kama mtu anayekisia uzito, akasema huyu kweli ni bonge la mtoto. Nikacheka mpaka machozi. Njiani akanieleza kwamba likizo yetu tutaila kwenye nyumba ya bosi wake, mama mmoja wa makamo, nyumba ya mbao kando ya mto, na kwamba kazi yetu itakuwa moja tu, kuvua trauti. Nikamwambia mimi samaki namjua akiwa ndani ya sufuria. Akasema nitajifunza.

Neno nililokuwa nalo la lugha ya huku lilikuwa moja tu, alilonifundisha yeye mwenyewe kwa simu kabla hatujasafiri. Alisema watu wa huku wanapenda kuuliza, sasa mtu akiniuliza mimi ni nani kwa huyu mtoto, nijibu: lula. Akasema maana yake ni mwenye mtoto. Nikalipenda, maana nililiona limekaribiana na lulu. Wewe mwenyewe ulinisikia nikilifanyia mazoezi bafuni, ukaniuliza kama nimepata wazimu. Basi dada, nimelisema kila mahali. Uwanja wa ndege nimesema lula. Kwa muuza mkate nimejipiga kifua, lula! Na huyo Bosi aliponifungulia mlango akaniuliza, nilijibu kwa sauti mpaka Baba Bonge akaangalia chini. Bosi akatabasamu, akanionyesha chumba kidogo pembeni ya jiko, mimi na mtoto. Baba Bonge alilala ghorofani. Alisema ni kwa sababu ya simu za kazini, hataki zimwamshe mtoto. Niliamini. Ungekuwa hapa ungenifinya.

Sasa nikueleze huyo samaki. Trauti ni mzuri, ana madoadoa mekundu ubavuni, anakaa kwenye maji baridi yanayokwenda mbio. Bosi anamvua akiwa amesimama mtoni na viatu vya mpira vinavyofika kiunoni. Chambo chake si mnyoo wala unga. Anachukua ndoana, anaizungushia unyoya na uzi mpaka inafanana na mdudu, halafu anaichezesha juu ya maji. Samaki anaruka mwenyewe, kwa furaha zake. Nilimwuliza Baba Bonge, ina maana samaki hata kipande cha mwisho cha chakula hapewi? Akacheka, akamtafsiria Bosi, naye akacheka. Kabla ya kumshika samaki wanalowesha mikono, maana mkono mkavu unambabua. Akiwa mdogo wanamrudisha majini taratibu, kama wanamlaza. Nikasema moyoni, watu wenye huruma namna hii!

Ila huyo Bosi alikuwa akitoka mtoni na mikono hiyo hiyo ya maji ya barafu, anamchukua Bonge. Mtoto alilia mpaka akakauka. Nikinyoosha mikono kumpokea, Baba Bonge ananiambia niache, amzoee mwenyeji wake. Na kunyonyesha nifungie mlango, eti watu wa huku wanaona haya. Halafu akaanza, mzoeshe chupa, mtoto mkubwa huyo, unataka anyonye mpaka aote ndevu? Nikamzoesha. Usiku maziwa yalikuwa yananitoka yanalowesha shuka, na Bosi yuko juu anambembeleza mwanangu kwa chupa. Walisema nipumzike. Ni likizo.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja anayekuja kufagia, ambaye lugha yetu anaijua. Alinikuta chumbani nikikamua maziwa kwenye kikombe, akaacha ufagio. Akaniuliza, mwanangu, mbona kila mtu unamwambia wewe ni yaya? Nikamwambia sijasema hivyo hata siku moja, mimi nasema lula. Akakaa kitandani bila kukaribishwa. Akasema, lula ndiyo yaya. Mtu anayelipwa kulea mtoto wa mwenzake.

Dada, nilikumbuka yule muuza mkate, nilivyojipiga kifua.

Nilipomaliza kulia nikamwuliza, sasa mama wa mtoto wanasema ni nani? Akasema alichosikia ni kwamba alifariki wakati wa kujifungua. Na Bosi si bosi. Ni mke wa Baba Bonge, mke wa ndoa, na kitu anachokililia siku zote ni mtoto.

Nilimshika mkono yule mama, tukaenda naye jikoni. Bosi alikuwa mezani anafunga manyoya yake kwenye ndoana. Baba Bonge alikuwa anasafisha samaki kwenye sinki. Nikasema kwa lugha yetu, mimi ndiye niliyemzaa, na sijafa. Mfagiaji akatafsiri. Nilidhani mwanamke mwenzangu atarusha kiti, atamshika huyu mwanamume shati. Hakusimama hata. Akakata uzi kwa meno, akajibu kwamba anajua tangu siku ya kwanza, yaya gani huyo blauzi yake inalowa mtoto akilia? Akasema nichague mchana ule ule. Tiketi yangu ya kurudi ipo, ni ya mtu mmoja. Pasi ya mtoto iko kabatini kwake na haitatoka. Au nibaki, chumba ninacho, mshahara utakuwepo, mradi neno nililokuja nalo lisibadilike.

Nikamgeukia Baba Bonge. Yeye akasema nisikuze mambo, hiyo ni ndoa ya karatasi, nivumilie, mtoto atasoma shule nzuri. Alisema bila kunitazama. Samaki aliyempasua alikuwa jike, tumbo limejaa mayai ya rangi ya machungwa. Akayakomba kwa kidole gumba, akafungua bomba yakaenda na maji.

Dada, hapa ndipo nitakapokuudhi. Nimebaki. Najua ungesema niite polisi, lakini ningewaambia nini, kwa neno gani? Moja ninalolijua ndilo hilo, na nimeshalisema mbele ya watu wote. Nikipanda ndege, Bonge ataogeshwa na mikono ile. Nikibaki, nitamwogesha mimi, nitamkata kucha mimi, akiumwa atakohoa kifuani kwangu. Mfagiaji ameanza kunifundisha maneno mengine kidogo kidogo tukikunja nguo. Ipo siku nitayapanga yote yakae sawa, nitakwenda mbele ya mtu anayesikiliza. Usinicheke, moyo wangu una matumaini.

Basi leo asubuhi Baba Bonge alikuwa mezani anakunywa chai. Bosi alikuwa amempakata mtoto, anajionyesha kidole, anamfundisha mama, mama. Bonge akamwangalia tu. Mimi nikaingia na ndoo ya makaa. Mtoto akaniona, akaruka mapajani mwake karibu aanguke, akaninyooshea mikono yote miwili, uso unang'aa, akasema waziwazi:

Lula.

Wakapiga makofi wote wawili. Nikaweka ndoo chini, nikafuta mikono, nikaitika.

Mama usimwambie. Mwambie samaki ni watamu na likizo imeongezwa. Ukiniandikia, juu ya bahasha usiandike Mama Bonge, maana barua anapokea Bosi, anasoma bahasha kisha ananipa. Lakini ndani liandike, liandike mara nyingi nyingi, nipate kulisoma.

Nakuaga kwa mikono miwili. Paka apewe mkia wa samaki kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
kwako wewe tu,
Mama Bonge